Baiskeli ikikufia njiani Uganda: Busia hadi Kisoro, kisha Kasese na kurudi (uzi mrefu)

#1 Mwanzisha uzi, Busia (upande wa Uganda)

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nimerudi nyumbani Jumatano baada ya siku 31 barabarani. Nilitoka Busia nikapita Jinja, Kampala, Masaka, Mbarara na Kabale mpaka Kisoro. Kurudi nikakatia Ntungamo kwenda Ishaka, nikashuka Kasese, nikapanda Fort Portal, nikapita Mubende na Kampala tena hadi kwetu. Ni kama kilomita 1,600. Tangu nifike watu wananiuliza habari za milima ya Kigezi na tembo wa mbuga ya Queen Elizabeth. Mimi nataka tuzungumze spoku, tairi na mafundi, maana hayo ndiyo yaliyokuwa yakiamua nilale wapi, na kabla ya safari sikumpata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili.

Mjue kwanza nilikotoka. Marehemu baba alikuwa mmoja wa waliobeba abiria kwa baiskeli kati ya geti la Kenya na geti letu, kazi ile ile iliyozaa jina la boda boda hapa Busia na kule Malaba miaka ya 1960 na 1970, kabla pikipiki hazijaichukua. Baiskeli yake ilikuwa ile mnayoijua: magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, keria ya kuchomelea yenye mto wa sponji. Nilimshikia spana tangu sijaanza shule. Kwa hiyo nilipopata baiskeli ya mtumba ya giya, fremu ya chuma, nikaona kazi ni ile ile. Nilikosea, na kosa la kwanza lilinipata Lukaya.

Nilipokuwa Kampala nilitaka tairi moja ya akiba. Ubavuni mwa tairi zangu pameandikwa 28 x 1.50. Nikaingia duka moja la vipuri, silitaji, nikasema nataka 28 kwa moja na nusu. Nikapewa 28 x 1½, mpya, nzuri, nikaifunga juu ya mzigo. Nani hajui kwamba 1.50 na 1½ ni kitu kimoja? Kwenye hesabu ndiyo. Kwenye tairi siyo. Tairi ya 1.50 inakaa kwenye rimu ya milimita 622, yaani 700C. Tairi ya 1½ ni ya baiskeli zetu za mzigo, rimu yake milimita 635. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo, na milimita 13 zinatosha kukuacha barabarani.

Nimeshavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, nakaribia Lukaya, tairi ya nyuma ikachanika ubavuni. Nikatoa ile mpya. Iliingia kwa mikono mitupu, bila hata kijiko cha kubanulia tairi, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana tairi inayokaa sawasawa haiingii kwa ulaini ule. Nikajaza upepo. Ilipoanza kuwa ngumu ikapanda juu ya ukingo wa rimu upande mmoja, tyubu ikachungulia, ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Wauza nyama choma waliokuwa wakikimbilia mabasi wakasimama wote.

Nikasukuma hadi kwa fundi aliyekuwa chini ya mti, na beseni lake la maji na vipande vya tyubu vikining'inia tawini. Aliishika tairi mpya, akaizungusha mara moja, akaniambia kwa Kiganda: hii ni ya gaali (baiskeli) yetu, yako ni nyingine. Hakuwa na yangu. Ila hakunifukuza. Alimwita mshona viatu wa jirani, wakaishona tairi ya zamani kwa uzi wa viatu, mishono ya msalaba, kisha ndani akaweka kipande cha tairi kuukuu alichokikwangua kingo zake kwa kisu mpaka zikawa nyembamba, ili zisikate tyubu. Kazi ya saa moja na nusu. Tairi ile ilinifikisha Mbarara, zaidi ya kilomita 160. Tairi sahihi nilitumiwa kutoka Kampala kwa basi, ikiwa imeandikwa 622, maana safari hii niliomba kwa namba hiyo na si kwa inchi.

Hilo ndilo ninalotaka tuelewane. Fundi wa baiskeli Uganda yupo karibu kila senta ya biashara, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa wengi wenye maduka ya vioo. Lakini anaijua baiskeli moja. Sisi tunaosafiri na nyingine tujue mpaka wa ujuzi wake uko wapi, tubebe kile asichoweza kuwa nacho, halafu mengine tumwachie.

Nitaendelea na habari ya spoku usiku huu, umeme ukiwepo.

#2 Mchangiaji, Bukoba

Mkuu, pole kwa yaliyokupata na hongera kwa safari. Mimi nimevuka Mutukula mara tatu na baiskeli ya Phoenix ya inchi 28, giya moja. Kyotera, Masaka, hadi Kampala. Kila kitu kinachoweza kuharibika kwenye Phoenix kinapatikana kwenye duka linalouza chumvi na mafuta ya taa. Gololi zipo. Kotapini, zile pini za kushikia mikono ya pedeli, zipo. Tyubu zipo. Sasa kwa nini tujisumbue na hizo za giya 27 ambazo mkono wake wa nyuma, ule unaohamisha cheni, ukipinda unaanza kutafuta basi?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Bukoba, hoja yako nimeibeba kichwani njia nzima, kwa hiyo sikujibu kwa haraka. Hadi Masaka, hata hadi Mbarara, uko sahihi. Kutoka Ntungamo kwenda Kabale, na zaidi kutoka Kabale kwenda Kisoro, barabara inapanda juu ya mita 2,000 na mvua za kule hazisubiri msimu. Kwa giya moja na mzigo utatembea kwa miguu saa nyingi, nalo hilo silo tatizo, kutembea si aibu. Tatizo ni kushuka. Breki za vyuma zinabana rimu ya chuma iliyopakwa kromu, na rimu hiyo ikilowa raba zinateleza tu. Nimewaona vijana wa Kigezi wakishuka na magunia ya viazi huku wamekanyaga tairi kwa kandambili. Wanaijua kila kona. Mimi mgeni nisingethubutu.

Ila umenikumbusha jambo. Kabla ya kuinunua baiskeli ya safari, mtu aitazame kwa jicho la fundi wa kijijini: hapa atafungua, hapa hawezi. Breki za waya atarekebisha. Breki za mafuta zikiingia hewa hana vifaa vya kuitoa. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa ya gololi huru ataifungua, ataiosha kwa mafuta ya taa, na gololi za robo inchi, tisa kila upande wa gurudumu la nyuma, atakuwa nazo kwenye kopo. Keria na fremu za chuma zitachomelewa popote penye umeme au jenereta, lakini za aluminiamu mashine zao za kawaida haziwezi.

#4 Mwanzisha uzi

Umeme umerudi. Spoku.

Kutoka Ishaka ukielekea Kasese unapita mashamba ya chai na msitu wa Kalinzu, kisha Rubirizi yenye maziwa ya volkeno, halafu ardhi inakatika ghafla. Unasimama Kichwamba na kuona bonde lote la ufa chini yako, nyika ya mbuga hadi Ziwa Edward. Hapo ndipo niliposikia *ting*. Mlio mdogo, kama mtu amegusa waya wa zeze. Nilidhani ni jiwe. Mita mia moja mbele, *ting* nyingine, na gurudumu la nyuma likaanza kuyumba na kugonga raba za breki kila mzunguko.

Spoku mbili zimekatika, zote za upande wa kulia, zote shingoni pale zinapojikunja kuingia kwenye habu. Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini karibu kila mara ni upande huo. Kaseti ya giya, yale magurudumu ya meno ya nyuma, inachukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima zaidi na zinavutwa kwa nguvu kuliko za kushoto. Mzigo wangu wote ulikuwa nyuma. Kila gurudumu likizunguka spoku inakaza na kulegea, mara elfu na elfu, mpaka chuma kinachoka. Shimo la barabarani linamalizia tu kile ambacho kilikwishaanza siku nyingi.

Na hapa kuna ubaya wa pili. Ili uweke spoku mpya upande huo ni lazima kaseti itoke, na kaseti inatolewa kwa spana maalumu ambayo sikuwa nayo. Spoku za akiba nilikuwa nazo sita. Zilikaa begini zikinitazama.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mbele yangu kuna kilomita za mbuga hadi Katunguru, na barabara ile wanyama wanaivuka wanavyotaka. Nilifanya ninachoweza: nilizungushia vipande vya spoku zilizokatika kwenye jirani zake zisinase kwenye mkono wa giya, nikafungua breki ya nyuma, nikalegeza kidogo spoku za kushoto zilizokuwa zikiivuta rimu upande wao. Halafu nikasimamisha pikapu ya wachuuzi wa samaki. Sioni haya kusema hivyo. Kuna saa na kuna mahali ambapo kutengeneza baiskeli si busara, na nyika yenye simba wakati wa jua kuzama ni mahali hapo.

Fundi wa Katunguru anafanya kazi karibu na daraja la mfereji wa Kazinga. Mzee wa makamo, Kiswahili chake cha ziwani, kina Kongo ndani yake. Nilimweleza kuhusu spana. Alichuchumaa, akatazama, akanyamaza muda. Kisha akachukua spoku mbili za baiskeli ya inchi 28, ambazo ni ndefu kuliko zangu, akakata vichwa vyake kwa koleo. Akapima kwa kuishikiza moja kando ya spoku nzima, akaikunja mwisho wake mara mbili kama herufi Z. Ndoana ile akaipenyeza kwenye tundu la habu kutoka nje, kaseti ikiwa pale pale, akaivuta hadi kwenye rimu. Nati ya spoku ikaingia kana kwamba ilitengenezwa kiwandani. Akaifanya na ya pili. Akapindua baiskeli, akashika kipande cha chaki karibu na rimu, akazungusha, akakaza, akazungusha. Dakika arobaini. Bei yake haikuzidi ya chakula cha mchana, nami niliongeza kwa hiari yangu na alikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Spoku zile za ndoana zilinipeleka Kasese hadi Fort Portal. Huko nikakuta spana ya kaseti kwa kijana anayetengeneza baiskeli za watalii, nikaweka spoku zangu, na nikahamishia sehemu ya mzigo mbele. Hadi Busia haikukatika nyingine.

#5 Mchangiaji, Mbarara

Kaka, nimesoma post ya spoku nikiwa nimesimama. Mimi ni mwalimu, naendesha peke yangu wikiendi: Lyantonde, Ntungamo, mara moja nilifika Kabale. Naomba kuongeza mawili kwa ajili ya dada zangu hasa.

La kwanza ni vali. Kama rimu zenu zina tundu dogo la vali nyembamba ya Presta, muishukuru siku mtakayoipanua. Tyubu za dukani huku zina vali nene, ama ile ya Dunlop ya baiskeli za mzigo ama ya Schrader kama ya pikipiki, na hazipiti kwenye tundu la milimita sita na nusu. Mimi nilipeleka rimu zangu kwa fundi, akazipanua kwa tupa ya mviringo hadi milimita nane na nusu, akalainisha kingo kwa msasa. Tangu hapo tyubu yoyote inaingia, hata ya inchi 28, kwa sababu tyubu inanyumbuka na haijali zile milimita 13 kama tairi inavyojali. Nikiwa na Schrader napata upepo kwenye kituo chochote cha mafuta. Tahadhari moja tu: mashine ya pale ni ya magari, inajaza kwa sekunde mbili. Ninajaza kidogo kidogo na mkono wangu uko kwenye tairi.

La pili, mwanamke aliyesimama kando ya barabara na baiskeli iliyopinduliwa anazungukwa na watu kumi ndani ya dakika tano. Wengi wana nia njema. Lakini mmoja atachukua spana mkononi mwako kabla hujamwambia kitu. Nimejifunza kusukuma hadi penye duka lenye mama, nikaomba benchi, nikanunua soda, nikafanya kazi yangu pale. Mama wa duka atawafukuza watoto na atakuitia fundi anayemfahamu yeye. Sijawahi kupata fundi mbaya kwa njia hiyo.

#6 Mchangiaji, Masaka (fundi)

Nawasalimu. Mimi ni fundi, nina miaka 19 kwenye kazi hii, na nashukuru kusoma watu wanaotutaja kwa heshima. Naomba nami niseme yangu kwa upande wa huku chini ya mwavuli.

Mnatuletea baiskeli zikiwa zimechelewa. Cheni hailalamiki mpaka siku inakatika, lakini inapimika. Chukua rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Ikiwa nzima itaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ukiiacha hadi moja ya nane, imekwisha kula meno ya kaseti, na hapo ukiweka cheni mpya itaruka. Cheni ya giya ni nyembamba kuliko hizi zetu, kwa hiyo usitarajie nikuuzie. Beba viungo viwili vya kuungia, vya idadi ya giya zako, maana vya giya nane havifai cheni ya giya kumi.

Halafu mafuta. Naona wasafiri wanamwagia cheni oili chafu ya injini kwa sababu ni ya bure. Baiskeli ya mzigo inaivumilia. Cheni yenu kwenye vumbi jekundu, oili ile inageuka msasa. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke, tia tone moja moja la oili safi, kisha futa tena kwa nje. Mvua ikinyesha rudia jioni hiyo hiyo.

Pancha. Nyaya ndogo za tairi za malori zilizopasuka ndizo zinazowachoma kwenye lami ya Kampala hadi Mbarara, kuliko misumari. Uzi wa chuma mwembamba kama unywele, hauonekani. Mtu anaziba tyubu, anaondoka, baada ya kilomita tatu amerudi, ananiona mimi ni mwizi. Pitisha pamba ndani ya tairi yote, itanasa penye waya, uutoe kwa kibano. Na ukipaka solusheni subiri ikauke mpaka kidole hakinati ndipo ubandike kiraka. Wanaobandika ikiwa mbichi ndio wanaorudi.

Mkono wa giya. Mwaka jana kijana alikuja kwangu, baiskeli yake ilikuwa imelazwa juu ya takisi upande wa kulia chini. Kile kipande kidogo cha fremu kinachoushikilia mkono wa giya kilikuwa kimepinda kwa ndani. Hakukiona. Alipoingia giya kubwa ya mlimani, mkono ukaingia kwenye spoku, ukakatika wote, na cheni ikajikunja. Sikuwa na mkono mwingine. Tulichofanya, tuliutoa kabisa, tukachagua gurudumu la meno la katikati mbele na jingine nyuma ambapo cheni inakaa mstari ulionyooka, tukaifupisha cheni ikafungwa ikiwa imekaza, baiskeli ikawa ya giya moja. Alifika Kampala, milima akitembea. Kwa hiyo: baiskeli ikipanda gari, upande wa cheni uwe juu. Na kile kipande, kama baiskeli yako ni ya aluminiamu, nunua kingine kabla ya safari. Ni kidogo kama kidole gumba na kila aina ina chake.

Neno la mwisho ni ombi. Mtu akija kwangu na baiskeli nisiyoijua, aniambie. Sitaona vibaya. Kinachoharibu ni yeye kukaa kimya na mimi kujifanya najua.

#7 Mwanzisha uzi

Fundi wangu, Mungu akuweke. Hiyo ya pamba ningeijua mapema ningeokoa tyubu mbili.

Nami nakiri jingine, la Kabale. Nilikuwa nasikia *tak, tak* kila nikikanyaga kwa mguu wa kushoto, nikalipuuza siku mbili. Ilikuwa bolti ya kranki, ule mkono wa pedeli, imelegea. Kranki yangu inakaa kwenye ekseli yenye ncha ya mraba, na ikitumika imelegea ule mraba wake unalika, unakuwa mviringo, hapo hata ukikaza haishiki. Karibu na Muko ikabaki kwenye kiatu changu. Fundi wa hapo alikata kipande cha kopo la soda, akakifunika kwenye ekseli kama shuka, akairudisha kranki na kukaza kwa uzito wa mwili wake wote. Ilishika hadi Kisoro na kurudi Ntungamo, lakini kila asubuhi nilikaza tena. Jamani, mlio mpya ukianza, shuka hapo hapo.

#8 Mchangiaji, Arua

Ninyi wa kusini mna bahati, senta ziko karibu. Njooni huku. Ukivuka Karuma kuelekea Pakwach kuna vipande virefu ambavyo hutamwona fundi wala kivuli. Na mbigili! Ukitoka nje ya lami kukojoa tu, umerudi na miiba minane kwenye tairi. Usiing'oe yote papo hapo kama huna viraka vya kutosha, kwa sababu mwiba mwenyewe ndio unaoziba tundu. Fika kwanza penye maji.

Lakini mjue pia, kaskazini baiskeli bado ni chombo cha watu. Lira, Soroti, vijijini kote, mama anapeleka muhogo sokoni kwa baiskeli, mgonjwa anapelekwa zahanati kwa baiskeli. Ukikwama utasaidiwa na mtu ambaye anafahamu kwamba baiskeli ikifa, siku imekufa.

#9 Mchangiaji, Soroti

Wakuu, nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi na mwenzangu tunaondoka Jumamosi, Soroti kwenda Moroto kupitia Katakwi. Baiskeli zetu ni 700C, mitumba, tumebeba nyuma tu. Sasa mmenitia hofu ya spoku. Nitajuaje kama zangu zimechoka kabla sijaondoka? Na nibebe nini hasa, sina pesa ya kununua duka zima.

#10 Mwanzisha uzi

Usiogope, una siku tatu, zinatosha.

Leo jioni pindua baiskeli mahali pa kimya. Gonga spoku za kulia za gurudumu la nyuma moja moja kwa ukucha au kwa spana ndogo, uzisikilize. Zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana. Ile inayolia chini, kama kamba iliyolegea, ipo pale kwa jina tu, jirani zake ndio wanaobeba mzigo wake. Zilizolegea mpe fundi wa hapo Soroti azikaze kwa robo mzunguko robo mzunguko, na umwambie mapema kwamba ni gurudumu la giya, upande mmoja unavutwa zaidi ya mwingine, asijaribu kuzisawazisha pande zote mbili. Kisha pitisha kidole shingoni mwa kila spoku pale kwenye habu. Ukiona kutu au ufa, ibadilishwe sasa. Na kama spoku zimeshakatika mbili au tatu mwaka huu, hizo nyingine nazo ziko njiani, gurudumu zima lifumwe upya.

Mzigo gawanyeni. Hata kama hamna keria ya mbele, maji na vifaa vifungwe kwenye fremu na usukani kwa kamba za tyubu, nyuma pabaki nguo na hema.

Kubeba: tyubu mbili kila mmoja, viraka na solusheni mpya ambayo haijafunguliwa, maana ikifunguliwa inakauka ndani ya wiki chache. Pampu yenu wenyewe. Kipande cha tairi kuukuu urefu wa kidole, na sindano nene na uzi wa viatu. Kifaa cha kukatia cheni na viungo viwili. Waya mmoja wa breki na mmoja wa giya, ule mrefu wa nyuma, kwa kuwa mrefu unakatwa kuwa mfupi. Bolti nne za keria, hizo zitakatika kwenye barabara za udongo, nimepoteza tatu. Spana ya kaseti, hata kama utauza kitu kuinunua. Tairi ya akiba moja kwa wote wawili, na kabla ya kulipa soma ubavuni: iwe imeandikwa 622.

Spoku nilizobakiza ni nne, urefu milimita 292. Pima yako kutoka kwenye mkunjo wa shingo hadi mwisho wa nyuzi zake unijibu hapa. Zikilingana, kesho asubuhi nazipeleka stendi zipande basi la Mbale, na kutoka pale zipande la Soroti. Nitazitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki na kuziba pande zote kwa gundi ya karatasi.

#11 Mchangiaji, Soroti

Nimepima sasa hivi kwa rula ya mtoto. 291, au 292, mwanga wa simu ni mdogo. Tatu zilikuwa zinalia chini.

#12 Mwanzisha uzi

Zitaingia. Kesho saa mbili asubuhi ziko stendi. Hizo tatu mpelekee fundi asubuhi hiyo hiyo, usingoje Ijumaa.